Mgeni Asiye na Sababu

Kwa mwenye pasi ya India, orodha ya nchi za ng'ambo anazoweza kuzifikia bila maandalizi marefu ni fupi kuliko ya Mjapani au Mjerumani, ila imekuwa ikirefuka. Nepal na Bhutan hazimdai viza. Maldivi humgongea muhuri bila malipo, kama inavyomfanyia mgeni wa taifa lolote, na Mauritius nayo humpokea bila viza. Thailand ilimwondolea viza Novemba 2023, na Julai mwaka uliofuata ikamwongezea siku hadi 60. Malaysia ilifungua mlango wake tarehe 1 Desemba 2023 kwa siku 30. Indonesia humuuzia viza palepale uwanja wa ndege kwa rupia 500,000 za kwao, na Kenya, iliyofuta viza Januari 2024, humtaka aombe kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mtu wa Mumbai au Chennai anaweza basi kuamka na hamu ya bahari nyingine na kesho yake akawa ameifikia. Kwa London au Paris hilo haliwezekani: kuna wiki za kungoja miadi, alama za vidole na taarifa za benki.

Orodha kama hii husomwa zaidi kwa jicho la nauli na hali ya hewa. Ndani yake, hata hivyo, mna swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia muda mrefu. Anayefika katika nchi isiyo yake bila kualikwa, anasimama pale kwa haki, kwa hisani ya mwenyeji, au kwa kuwa mwenyeji amepiga hesabu akaona kuna faida? Safari ya ghafla hulibana swali hilo kuliko safari nyingine yoyote, maana msafiri wa aina hiyo hana sababu ya kutoa. Haendi kuzika, haendi kusoma, haendi kufunga mkataba. Ametaka tu.

Viza ni utaratibu wa kumdai mtu aeleze nia yake kabla hajaitekeleza. Ofisa wa ubalozi haishii kuuliza mwombaji ni nani. Anataka kushawishika kwamba atarudi kwao. Ndiyo maana mwombaji hubeba barua ya mwajiri, risiti za kodi na hati ya nyumba, ushahidi kwamba nyumbani kuna vitu vizito vya kumvuta. Asiye navyo, hata awe mkweli kiasi gani, hana cha kuweka mezani. Ada ya viza ya Schengen, yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi mtu akikataliwa, kwa hiyo hata kuuliza kuna bei yake. Lakini sehemu kubwa ya uhuru wa mtu mzima ni yale mambo asiyolazimika kuyatolea maelezo. Hakuna anayemuuliza mkazi wa Delhi kwa nini amepanda treni kwenda Goa. Katiba ya India inampa haki ya kutembea kote nchini. (Hata hapo pana kasoro: kuingia Arunachal Pradesh, Nagaland au Mizoram, Mhindi wa jimbo jingine huhitaji kibali katika nchi yake mwenyewe.)

Kabla ya kuzungumzia kuingia ni lazima kuzungumzia kutoka, kwa sababu kwa Wahindi wengi wa zamani kizuizi kilikuwa upande wa nyumbani. Kitabu cha sheria cha Baudhayana kinaiweka safari ya baharini miongoni mwa matendo yanayomwondolea mtu hadhi ya tabaka lake, na bahari ikaja kuitwa maji meusi. Mwaka 1888 Mohandas Gandhi, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akijiandaa kwenda London kusomea sheria, aliitwa na wazee wa tabaka lake la Modh Bania mjini Bombay. Waliposhindwa kumzuia wakamtenga, na wakaweka faini ya rupia moja na anna nne kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza gatini. Aliporudi mwaka 1891 alipelekwa Nasik kuoga katika mto mtakatifu ili asafishwe, jambo alilolifanya kwa kumridhisha kaka yake zaidi kuliko kwa imani.

Katazo hilo halikuwahi kuwashika wote. Wabhatia wa Kutch, Wahindu wenye kushika dini sana, walikuwa wakifanya biashara Muscat na Unguja kizazi baada ya kizazi, na nyumba ya Jairam Shivji ikakodi forodha ya Sultani wa Zanzibar katika karne ya 19. Majahazi yao yalishuka na kaskazi na kungoja kusi ndipo yarudi. Hakuna mwenyeji aliyeweza kumwambia mgeni wa namna hiyo aondoke kesho, upepo haukuruhusu. Muda wa kukaa ulipangwa na msimu, na pasi haikuwa imezaliwa.

India huru ililihamisha suala la kuondoka kutoka kwa wazee wa tabaka hadi kwa majaji. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki ya kusafiri nje ni sehemu ya uhuru wa mtu, na serikali haiwezi kumnyima raia pasi kwa utashi tu. Mwaka 1978, katika kesi ya Maneka Gandhi aliyenyang'anywa pasi bila kuelezwa sababu, mahakama hiyo ikasisitiza kwamba utaratibu wa kumzuia mtu lazima uwe wa haki. Inafaa kuangalia mzigo wa maelezo umemwangukia nani: ni serikali inayopaswa kueleza kwa nini inazuia. Raia hadaiwi kueleza kwa nini anakwenda.

Kwa maskini, kanuni hiyo bado haijakamilika. Chini ya Sheria ya Uhamaji ya mwaka 1983, pasi ya Mhindi ambaye hakufaulu darasa la kumi huonyesha kwamba anahitaji kuidhinishwa anapokwenda kufanya kazi katika nchi 18, na miongoni mwake zimo Malaysia, Thailand na Indonesia, zilezile zinazosifiwa kwa wepesi wa viza. Nia ya sheria ni kumlinda kibarua dhidi ya madalali. Matokeo yake uwanjani ni kwamba watu wawili waliopanga foleni moja kwenda Bangkok kwa matembezi hawaulizwi maswali sawa: mhandisi anapita, na fundi seremala anaulizwa tiketi ya kurudi iko wapi na kama kweli anakwenda kutembea. Januari 2018 serikali ilitaka kuwapa watu wa kundi hili pasi ya rangi ya chungwa badala ya ile ya buluu iliyokoza. Kelele zikawa nyingi, na mpango ukaachwa ndani ya mwezi huohuo.

Upande wa kuingia, historia ya Wahindi ina somo kali kuliko yote. Tarehe 23 Mei 1914 meli ya Komagata Maru, iliyokodiwa na Gurdit Singh, ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376, wengi wao Masingasinga wa Punjab. Walikuwa raia wa mfalme yuleyule aliyetawala Kanada. Lakini Kanada ilikuwa na kanuni, iliyotungwa mwaka 1908, kwamba mhamiaji lazima awe amesafiri moja kwa moja kutoka nchi yake ya kuzaliwa kwa tiketi iliyonunuliwa huko, na hapakuwa na kampuni ya meli iliyouza safari ya namna hiyo kutoka India. Kanuni hiyo haikumtaja Mhindi hata mara moja. Abiria 24 waliruhusiwa kushuka. Wengine walikaa majini miezi miwili, kisha meli ikageuzwa kwa nguvu, na walipofika Budge Budge karibu na Calcutta polisi wakawafyatulia risasi na kuua wapatao 20. Waziri Mkuu wa Kanada aliomba radhi bungeni Mei 2016. Waasia wa Kenya walikutana na dada wa kanuni hiyo mwaka 1968, Uingereza ilipotunga sheria ya haraka iliyowafungia mlango wenye pasi zake yenyewe kwa kuwa hawakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa huko.

Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilipoligusa suala hili katika ibara ya 13, lilimpa kila mtu haki ya kutoka nchi yoyote na ya kurudi kwake. Haki ya kuingia kwa wengine halikuitaja. Mtu ana haki ya kuondoka, ila si lazima pawepo pa kufikia. Joseph Carens, mwanafalsafa aliyefundisha Kanada, ameandika tangu mwaka 1987 kwamba uraia wa nchi tajiri unafanana na hadhi ya kuzaliwa katika ukabaila: hakuna aliyeufanyia kazi, na mipaka ndiyo inayoulinda. Mwanafalsafa mwenzake Michael Walzer alishika upande wa pili: jamii isiyoweza kuchagua inampokea nani haiwezi kubaki na sura yake. Wawili hao wanabishana hasa juu ya anayekuja kuishi. Kuhusu anayekuja kwa siku nne na begi moja, mwenye la kusema zaidi ni mtu wa karne ya 18.

Immanuel Kant hakuwahi kutoka Prussia Mashariki, na ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mtu aliyesafiri kidogo hivyo ndiye aliyeandika maneno mazito kuliko ya wengi juu ya haki ya msafiri. Katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, anasema ukarimu kwa mgeni ni suala la haki wala si la huruma. Uso wa dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, kwa hiyo lazima wavumiliane. Na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na haki ya mahali fulani kuliko mwenzake. Kutokana na hayo, mgeni ana haki ya kuzuru, yaani kufika na kujitambulisha bila kutendewa kama adui. Hana haki ya kukaa kama mtu wa nyumbani. Hiyo inahitaji mapatano. Mwenyeji anaweza kumrudisha, mradi kumrudisha hakumwangamizi.

Wepesi wa kusoma ukurasa huo umewafanya wengi wamwone Kant kuwa bahili: siku chache tu, na bado unaweza kurudishwa? Ubahili huo una sababu, na sababu yenyewe ni India. Kant anawalaumu waziwazi Wazungu wa mataifa ya biashara, ambao kwao kuzuru nchi za watu kumekuwa sawa na kuziteka, na anataja jinsi walivyoingiza askari India kwa kisingizio cha kufungua vituo vya biashara. Anazisifu China na Japani kwa kuwawekea wageni hao mpaka. Mstari kati ya kuzuru na kukaa aliuchora ili kumkinga mwenyeji dhaifu dhidi ya mgeni mwenye mizinga. Leo mstari uleule hutumiwa na wenyeji wenye nguvu dhidi ya wageni wasio na chochote. Kwa mtazamo wake mwenyewe, dola inayomwacha mgeni mwenye amani miezi mitatu bila jibu imevunja haki, kwa sababu imemfunga mdomo hata kabla hajafika mlangoni kujitambulisha.

Mapokeo ya Kihindu yanakwenda mbali zaidi, na yanaanzia kwa mwenyeji. Taittiriya Upanishad humfundisha mwanafunzi anayehitimu amheshimu mgeni kama anavyomheshimu mungu, sawa na mama, baba na mwalimu. Wizara ya utalii ya India imeyageuza mafundisho hayo kuwa kaulimbiu yake. Hadithi ya Katha Upanishad ina uzito zaidi. Baba yake Nachiketa anatoa sadaka ya ng'ombe wazee waliokwisha kutoa maziwa. Mtoto anaona aibu, anamuuliza baba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu: na mimi utanitoa kwa nani? Baba anakasirika, anamwambia amtoa kwa Kifo. Nachiketa anakwenda. Anafika nyumbani kwa Yama, mungu wa kifo, na Yama hayupo. Anakaa siku tatu usiku na mchana bila chakula. Yama anaporudi, watu wake wanamwonya kwamba mgeni Mbrahmani anapoingia nyumbani ni moto, na asipotulizwa kwa maji na chakula huteketeza mema yote ya mwenye nyumba. Mungu wa kifo anaomba radhi, na anampa kijana maombi matatu, moja kwa kila usiku aliongoja.

Maombi matatu hayo ni malipo ya deni. Mgeni hakualikwa, hakuleta zawadi, hakutoa sababu, na bado kucheleweshwa kwake kumehesabiwa kuwa kosa la mwenyeji. Hadithi ina doa lake pia: mgeni anayetajwa ni Mbrahmani, na sheria za tabaka kwa karne nyingi ziliamua ni nani anaweza kula wapi na kunywa kutoka chombo gani. Ukarimu uliomfanya mgeni mmoja kuwa mungu ulimwacha mwingine nje ya kisima. Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na kipimo cha wastani zaidi. Uislamu ulifundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na zinazozidi ni sadaka. Nao Waswahili wakamtafutia jembe tangu siku ya tatu. Jembe ni ishara kwamba sasa anahesabiwa kuwa mtu wa pale, jambo ambalo muhuri wa pasipoti unakataza waziwazi: mtalii haruhusiwi kufanya kazi.

Milango iliyofunguliwa kwa Wahindi tangu mwaka 2023 haikufunguliwa na Kant wala na Upanishad. Thailand na Malaysia zilikuwa zikitafuta watalii wa kujaza hoteli baada ya janga la korona, na India ina watu wa tabaka la kati wengi, walio saa nne tu kwa ndege. Ofisa uhamiaji wa Bangkok bado anaweza kumwambia mgeni aonyeshe baht 20,000. Bhutan imesema wazi zaidi: tangu Septemba 2022 Mhindi hulipa rupia 1,200 kwa kila usiku, wakati mgeni wa nchi za mbali sasa hulipa dola 100. Wengi wamelalamika. Ila bei iliyotajwa mapema haimdhalilishi mtu kama mahojiano yanayompima thamani yake bila kumtajia kipimo.

Kinachoudhi zaidi ni pale thamani ya mgeni inapopimwa kwa macho ya mwingine. Falme za Kiarabu humpa Mhindi viza akifika ikiwa pasi yake ina viza ya Marekani au ukaazi wa huko. Georgia nayo humpokea kwa sharti la namna hiyo. Aliyekwisha kuaminiwa na mwenye nguvu huaminiwa na wengine, na mtu yuleyule, mwenye tabia ileile, hubaki nje kwa kukosa karatasi ya nchi ambayo hata haendi.

Wapo wanaosema maswali hulinda, nao wana hoja. Magenge ya ulaghai wa mtandaoni yaliwarubuni Wahindi kwa ahadi za kazi, wakaingia Thailand kama watalii na kuvushwa hadi kambi za Myanmar walikofanyishwa kazi kwa nguvu. Machi 2025 India ilirudisha mamia yao kwa ndege za kijeshi. Serbia ilikuwa imewafungulia Wahindi mwaka 2017, na kufikia Januari 2023 ikafunga, Umoja wa Ulaya ukilalamika kwamba wanapitia hapo kwenda kwake. Mlango mwepesi huwafaa pia walaghai. Lakini aliyerubuniwa angeweza kujaza fomu ya viza vizuri tu. Dalali ndiye anayeijaza. Na afya inaonyesha kwamba sharti linaweza kuwa la haki bila kuhoji nia: Mhindi anayerudi kwao kutoka Kenya bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachoanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Anaulizwa kuhusu damu yake, si kuhusu moyo wake.

Ikiwa kuna mahali Mhindi husafiri ng'ambo ya mpaka bila sababu, ni Nepal. Mkataba wa mwaka 1950 uliwapa raia wa nchi hizo mbili ruhusa ya kuingia, kukaa na kufanya biashara kwa usawa. Pale Raxaul, Bihar, watu huvuka kwenda Birgunj kwa baiskeli na kwa gari la farasi, wengine na mboga, wengine na mtoto mgongoni, na wengi hawasimamishwi. Pande zote mbili za eneo la Mithila huoana, na msafara wa arusi ya mungu Rama huvuka hadi Janakpur, mji wa bibi-arusi wake, Sita. Mwaka 2015 malori ya mafuta yalikwama kwenye mpaka huohuo kwa miezi, Nepal ikiilaumu India. Uwazi huo haukuondoa ugomvi wa wakubwa.

Kartarpur ni mfano wa kinyume. Novemba 2019 India na Pakistan, maadui wa vita kadhaa, zilifungua njia ya kilomita chache ili mahujaji waende bila viza hadi hekalu la mahali Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masingasinga, alipoishi miaka yake ya mwisho, na kurudi siku hiyohiyo. Pakistan ilitoza dola 20, na jina lilipaswa kuandikishwa mapema. Kwa hiyo ugeni wa ghafla haukuwezekana, lakini swali la sababu lilifutwa: ibada ilitosha. Mei 2025, mapigano yalipozuka, India ilifunga upande wake.

Linabaki suala la India kama mwenyeji. Tangu Novemba 2014 imekuwa ikitoa viza za kielektroniki, na Wakenya na Watanzania wamo katika orodha. Maombi hutakiwa yapelekwe angalau siku nne kabla ya kufika. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa Chennai au Hyderabad ana viza yake maalumu, pamoja na wasaidizi wawili, na sababu yake imeandikwa na hospitali kwenye barua yenye nembo. Mtanzania aliyeamka na hamu ya kuiona tu Goa hana barua ya namna hiyo. Anajaza fomu, anapakia picha, na kwenye sehemu ya madhumuni ya safari anatakiwa achague jibu kabla ukurasa haujamruhusu kuendelea.